Siku Ishirini na Mbili Katika Daftari la Metrine

Basi la shule lilimshusha Metrine saa tisa kasorobo kila alasiri, kwenye kona ya barabara yenye maduka ya vitambaa, Bur Dubai. Watoto wengine walikimbilia nyumbani kuliepuka joto. Metrine alishika njia nyingine. Alivuka barabara mbili, akapita kibanda cha fundi wa saa na mkahawa wa chai ya maziwa, hadi akafika kwenye duka la kubadilishia fedha. Juu ya mlango wa duka hilo palikuwa na ubao wa umeme wenye tarakimu nyekundu, na kando ya kila nambari palichorwa bendera ndogo. Aliitafuta bendera ya Kenya, akaisoma nambari yake, akaiandika kwenye daftari. Hapo ndipo alipogeuka na kwenda nyumbani kula.

Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka wa 2011, na Metrine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Joachim, Mtanzania mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa amewapa wanafunzi wake kazi ya muhula mzima. Kila mwanafunzi achague fedha za nchi mbili. Kila siku, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, ndizo siku za shule huko Dubai, hata likizo ikiingia, aandike fedha moja inanunua kiasi gani cha nyingine. Mwisho wa muhula achore grafu na kueleza alichokiona.

Metrine alichagua dirhamu ya Dubai na shilingi ya Kenya, maana wazazi wake walitoka Bungoma. Baba yake, Gerishom, alikuwa msimamizi wa walinzi katika jumba la maduka, na mama yake alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki. Siku ya kwanza aliandika 25.1. Maana yake, dirhamu moja ilinunua shilingi ishirini na tano na senti kumi. Wiki mbili baadaye ilikuwa imepita ishirini na sita. Septemba ilipokwisha ilikuwa ishirini na saba. Shilingi ilikuwa inadhoofika, na kila Mkenya aliyekuwa Dubai alilizungumzia jambo hilo.

Karani wa duka lile, kijana wa Mombasa aitwaye Mubin, alimzoea Metrine upesi. Akimwona amesimama chini ya ubao, humwinulia mkono kupitia kioo. Siku moja alimuuliza nambari hizo ni za nani. Metrine akamwambia ni za shule, na pia ni za Anti Serah.

Anti Serah alikuwa binamu ya mama yake. Alifanya kazi ya yaya katika nyumba kubwa huko Jumeira, akilea pacha wa miaka mitatu. Alikuwa na ruhusa ya kutoka Ijumaa moja tu kwa mwezi, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya kupiga na kupokea basi. Kwa miaka miwili alikuwa ameweka akiba ya dirhamu elfu nane. Alitaka kununua mashine ya kusaga mahindi, yeye na dada yake Lynette aliyeko Webuye, ili siku atakaporudi nyumbani awe na kazi yake mwenyewe. Alipopata habari kwamba Metrine anauandama ule ubao kila siku, alifurahi sana. Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, alipiga simu kwa Mama Metrine, na baada ya salamu aliomba kuongea na Metrine.

"Leo ubao unasemaje?" huuliza.

Metrine humsomea kutoka daftarini, naye Serah hurudia ile nambari polepole, kama mtu anayeitia mfukoni.

Tarehe kumi na moja Oktoba ubao ulionyesha 28.6. Haukuwa umewahi kufika hapo tangu Metrine aanze kuandika. Kesho yake, aliposhuka basi, alimkuta rafiki yake Shifaa akimngoja kwenye kona. Shifaa alikaa ghorofa ya chini katika jengo lao, na mjomba wake alikuwa amemletea viatu vya magurudumu. Alitaka wakateleze kwenye maegesho ya magari kabla wenye magari hawajarudi kutoka kazini.

Metrine aliutazama upande wa duka la fedha. Barabara mbili, jua kali, na kurudi. Alijiambia kwamba siku moja haidhuru, akamfuata Shifaa.

Jioni alifungua daftari, akaiona nafasi tupu. Nambari zilikuwa zimepanda kwa mwezi mzima bila kuchoka. Akakisia tu, akaandika 28.7. Haikuonekana tofauti na zile nyingine. Kesho yake, siku ya Alhamisi, alikwenda tena kuteleza, na jioni akaandika 28.9.

Muda si muda simu ikalia. Serah alikuwa na haraka siku hiyo. Alimwambia Metrine kwamba madamu wake amempa nafasi achague: atoke kesho, au angoje Ijumaa ya baada ya Idi, maana familia ingesafiri na pacha wangemhitaji. Mwenye kuuza mashine alitaka shilingi laki mbili na elfu ishirini.

"Wewe ndiye unayeuona ubao," Serah alisema. "Nije kesho nitume, ama bado inapanda?"

Metrine alikuwa ameshika daftari. Alijua hakuuona ubao leo wala jana. Alitaka kusema hivyo, lakini mama yake alikuwa pale pale akimsikiliza, na ingembidi aeleze alikuwa wapi.

"Bado inapanda, Anti," alijibu. "Leo ni ishirini na nane nukta tisa."

"Basi nitangoja. Nikipata kidogo zaidi, nitanunua na dizeli ya kuanzia."

Baada ya hapo ikawa rahisi. Metrine hakurudi tena kwenye ubao. Kila jioni aliongeza kidogo juu ya nambari ya jana, na wakati mwingine aliipunguza kidogo ili ionekane ya kweli. Likizo ya Idi ilikuja, ikapita. Wazazi wake hawakutuma pesa Kenya miezi hiyo, kwa kuwa karo ya shule ilikuwa imekomba akiba yao yote, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyumbani aliyekwenda dukani kujua bei. Alhamisi ya tarehe kumi Novemba, Metrine alimwambia Anti Serah kwamba dirhamu moja imefika shilingi thelathini nukta mbili.

Kesho yake Serah alikuja. Alivaa gauni lake la kanisani, na pesa zake alikuwa amezifunga ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba, na mkoba ameubana kwapani. Walikula wali na kuku, wakangoja maduka yafunguliwe baada ya swala ya Ijumaa. Serah aliongea njia nzima. Alisema Lynette amekwisha pata chumba kando ya soko, na kwamba wanawake wa pale hutembea mwendo wa saa nzima kupeleka mahindi kusagwa. Mama Metrine alicheka na kumwambia apunguze mwendo kidogo, duka halihami.

Metrine alitembea nyuma yao. Alijipa moyo kwamba huenda alikisia vizuri. Nambari ilikuwa imepanda mwezi mzima, kwa nini isiendelee?

Walipofika, Serah aliinua macho kwenye ubao, akaitafuta bendera.  Kisha akamwomba Mama Metrine amsomee, labda macho yake yanamdanganya.

"Ishirini na tano na nusu," Mama Metrine alisoma.

Serah alimgeukia Metrine. "Jana uliniambia thelathini."

"Labda imeshuka leo," Metrine alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Serah aliingia dukani, akamuuliza karani kama bei imeanguka leo. Mubin alishangaa. Alimjibu kwa adabu kwamba haikuanguka leo, dada yangu, ni mwezi mzima sasa inashuka. Ilifika juu kabisa kama tarehe kumi na moja Oktoba, siku mbili tatu zilizofuata ilikuwa bado karibu ishirini na nane, na tangu hapo shilingi inapata nguvu karibu kila siku. Akamtazama Metrine aliyesimama mlangoni, akaongeza kwamba alidhani msichana huyu ameumwa, maana hakumwona tena chini ya ubao.

Walitoka nje.  Watu waliokuja kutuma pesa walipita kando yao wakiingia dukani. Metrine aliona wazi kwamba angeweza kutunga jambo lingine, na kwamba huenda hata lingeaminika. Lakini alipomwona Serah amekaa kwenye ngazi ya duka, amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, alishindwa.

"Sikuja," alisema. "Tangu tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, sikuja hata siku moja. Nilikuwa nateleza na Shifaa. Zile nambari nilizitunga mwenyewe, Anti. Siku ishirini na mbili. Hata ile niliyokwambia ulipouliza kama uje kesho, nayo niliitunga."

Mama yake alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alifungua kinywa, Serah akamgusa mkono ili angoje kwanza.

Serah hakupaza sauti. Alianza kupiga hesabu, akionyesha kwa vidole vyake. Kama angekuja siku ile aliyouliza, dirhamu zake elfu nane zingepata laki mbili na elfu ishirini na zaidi kidogo. Mashine ingekuwa yake. Leo zingepata laki mbili na elfu nne. Zilipungua elfu kumi na sita, na hizo kwake zilikuwa akiba ya karibu miezi miwili. Mwenye duka kule Webuye, Mzee Aloysius, alikuwa amempa Lynette hadi Jumanne, kwani palikuwa na mteja mwingine.

"Na Juni mashine hiyo hiyo ilikuwa laki moja na elfu tisini," Serah alisema, huku akiinuka. "Akaipandisha Oktoba. Alimwambia Lynette ni kwa sababu ya dola."

Saa yake ya kurudi Jumeira ilikuwa inakaribia. Alimkabidhi Mama Metrine zile pesa, akamwambia azitunze hadi Jumanne. Kama hakuna njia itakayopatikana, zibaki kwake, watatafuta mashine ndogo zaidi mwakani. Alimuaga Metrine kwa kumpa mkono tu. Siku zote humkumbatia.

Usiku huo Baba aliporudi kutoka kazini, Mama alimweleza yote. Hawakumchapa. Baba alisema wangependa kulijaza pengo lile wenyewe, lakini nyumba nzima haikuwa na dirhamu mia mbili mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akamuuliza Metrine anakusudia kufanya nini. Metrine alikuwa amejiandaa kukaripiwa.  Alilala akiwa na swali lile, na alipoamka asubuhi alikuwa na jibu nusu.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alimwomba mama yake ruhusa, akaenda dukani kwa Mubin na daftari lake. Alimuuliza kama panapo mahali zinapowekwa bei za siku zilizopita. Mubin alimwambia kwamba kila asubuhi huchapishwa karatasi ya bei, na jioni hutiwa kwenye faili. Faili halitoki dukani na halipigwi picha. Lakini alikwenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na jibu kwamba anaweza kunakili kwa mkono, akisimama mwisho wa kaunta asiwazuie wateja.

Metrine alisimama pale tangu saa nne hadi karibu saa saba. Alianza na tarehe kumi na mbili Oktoba. Yeye alikuwa ameandika 28.7, karatasi ilisema 27.9. Tarehe kumi na tatu, 27.7. Mkono wake ulisita juu ya nambari hiyo, kwa kuwa ndiyo ambayo Serah aliiomba kwa simu. Aliiandika, akaendelea. Wiki ile iliyofuata ilikaribia ishirini na saba, mwisho wa Oktoba ikashuka chini yake, kisha Novemba ikaanguka zaidi. Kila siku aliyoipandisha kwenye daftari, kwenye faili ilikuwa imeshuka, au imetulia kidogo kabla ya kushuka tena. Alipomaliza zote ishirini na mbili, miguu ilimuuma.

Alikuwa anafunga kalamu yake alipokumbuka maneno ya Serah kwenye ngazi. Juni mashine ilikuwa laki moja na elfu tisini. Alimwomba Mubin amfungulie na karatasi za Juni. Zilikuwa chini kabisa, na Mubin alilalamika kidogo kuhusu vumbi, lakini alimtolea. Katikati ya Juni dirhamu moja ilikuwa shilingi 24.3.

Nyumbani alichukua karatasi ya miraba, akachora. Mstari ulianzia chini upande wa Juni, ukapanda Septemba, ukafika kileleni tarehe kumi na moja Oktoba, kisha ukateremka kama mtu anayeshuka mlima kwa haraka. Alimwita mama yake auone.

"Mzee Aloysius alipandisha bei mstari ulipopanda," Metrine alisema. "Sasa mstari umerudi karibu na pale ulipokuwa Juni. Yeye mbona hakurudi nao?"

Mama yake aliikazia macho ile karatasi. Alisema mfanyabiashara anaweza kujibu kwamba alinunua mashine wakati dola iko juu, na hapo atakuwa na haki. Metrine alifikiri. Kisha akauliza kama mashine iliyopo dukani sasa ni ile ile ya Juni, ama ni nyingine.

Jioni walimpigia Serah. Metrine alimweleza alichokifanya, kisha akamuuliza kama mashine ni ile ile ya Juni. Serah akamjibu. Ndiyo, ni ile ile. Ni ya kijani, na ule mdomo wa kutilia mahindi umebonyea upande mmoja tangu Juni, Lynette aliuona kwa macho yake. Mzee aliinunua kabla dola haijapanda. Serah akasema atampigia Lynette sasa hivi, awe dukani Jumatatu saa kumi alasiri ya Kenya.

Kabla ya Jumatatu palikuwa na Jumapili, na Jumapili ni siku ya shule. Metrine hakungoja kuulizwa. Kabla ya vipindi alimfuata Mwalimu Joachim kwenye chumba cha walimu, akamwonyesha kurasa zote, za uongo na za kweli. Alitumaini ataambiwa achane zile za uongo azitupe. Mwalimu alimkataza. Alimwagiza aziache pale pale, aandike juu yake kwamba alizitunga, na agundishe zile za kweli mkabala nazo. Alama za wiki hizo angezikosa, kwa sababu hakufanya kazi aliyotumwa, na kesho angesimama mbele ya darasa aeleze kwa nini daftari lake lina mistari miwili. Metrine alikubali. Alipokuwa anatoka, Mwalimu alimwita tena, akamuuliza Juni ameipata wapi, maana Juni hakumtuma. Alipoelezwa, alitikisa kichwa akatabasamu kidogo, akasema hiyo ya Juni ameifanya vizuri.

Jumatatu darasani, Metrine alisimama. Alisema ukweli mbele ya wanafunzi ishirini na saba, na baadhi yao walicheka.  Aliendelea mpaka mwisho.

Saa kumi na moja jioni ya Dubai, Mama Metrine alikwangua kadi ya simu, akampigia Lynette. Alikuwa tayari dukani kwa Mzee Aloysius. Walisikia pikipiki zikipita na mtu akigonga bati. Lynette alieleza kwamba Mzee amekataa kupunguza hata shilingi mia, na kwamba ameitika kuongea nao kwa heshima tu. Kisha sauti nzito ya mzee ikaingia.

Mama alimsalimu, akamwambia kuna mtoto hapa mwenye nambari za kumsomea.

"Mtoto anataka kunifundisha biashara?" Mzee aliuliza.

"Hapana, Mzee," Metrine alisema. "Nataka kukusomea tu, halafu utaamua wewe."

Alimsomea. Katikati ya Juni, ishirini na nne nukta tatu. Oktoba kumi na moja, ishirini na nane nukta sita. Leo, ishirini na tano nukta nne. Alimwambia kwamba dirhamu na dola hutembea pamoja siku zote, kwa hiyo dola nayo imefanya hivyo hivyo. Na kwa kuwa mashine ni ile iliyokuwa dukani Juni, bei ya Oktoba haikuwa bei yake.

 Mzee alimuuliza nambari hizo amezitoa wapi, maana hata yeye angeweza kukaa nyumbani akatunga orodha ndefu kuliko hiyo.

Metrine alimtazama mama yake. Mama hakumsaidia.

"Za Septemba hadi tarehe kumi na moja Oktoba niliziona mwenyewe kwenye ubao," alisema. "Baada ya hapo zipo ishirini na mbili ambazo mwanzoni nilizitunga. Nilimdanganya Anti Serah kwa nambari hizo, ndiyo maana pesa zake zimepungua. Za siku hizo nilizinakili upya Jumamosi kutoka kwenye faili la duka la fedha, na zile za Juni pia, na ya leo nimeiona ubaoni. Ukitaka, uliza benki hapo Webuye siku yoyote kati ya hizi. Isipolingana, usitupunguzie."

 Mzee Aloysius alisema kitu kwa Lynette ambacho hawakukisikia vizuri. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ile ile nzito, lakini haikuwa na haraka tena. Alisema yeye hauzi mashine kwa huruma, na watoto wa siku hizi wana maneno mengi. Alisema pia kwamba mashine ile kweli ni ya Juni, na yule mteja mwingine amekuwa akimzungusha tangu wiki iliyopita.

"Laki moja na elfu tisini na tisa," alisema. "Ubebaji ni juu yenu. Na pesa zifike kesho."

Lynette alishukuru mara tatu. Mama Metrine alikaa kitini, akafuta uso kwa kitambaa chake.

Jumanne, Metrine na mama yake waliingia kwa Mubin na zile dirhamu elfu nane. Zilitoka shilingi laki mbili na elfu tatu, mia mbili. Baada ya kulipa ada na mashine, zilibaki za kukodi gari la kuibeba na kununua dizeli kidogo ya kuanzia. Mubin aliwapa risiti, akamuuliza Metrine kama sasa anarudi kazini kwake chini ya ubao. Metrine alimwambia muhula bado haujaisha. Alitoka nje, akasoma nambari ya siku hiyo, akaiandika.

Alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Shifaa alimwita mara mbili tatu, na Metrine alimwambia atakuja akishatoka dukani. Akawa anateleza dakika ishirini badala ya saa nzima, na alizifurahia dakika zake ishirini. Siku moja mwanzoni mwa Desemba alishikwa na homa, akalala kitandani. Mahali pa siku hiyo aliandika: "Niliumwa, sikwenda."

Serah alipopata tena Ijumaa yake, alikuja na mfuko wa tende kutoka kwa madamu. Alipofika mlangoni alimvuta Metrine, akamkumbatia kwa nguvu. Alisema mashine imesaga gunia la kwanza Jumatano, na Lynette amelalamika kwamba foleni ilizunguka hadi nyuma ya soko.

Baada ya chakula, Metrine alimfuata jikoni alikokuwa akiosha vyombo, akachukua kitambaa akawa anampangusia. Alikuwa na neno la kumwambia tangu mwezi uliopita, na kila alipolianza lilimkwama. Mwishowe alisema tu kwamba anaomba msamaha.

Serah aliweka sahani chini. Mikono yake ilikuwa na povu.

"Nilikusamehe siku ile uliposimama dukani kwa Mubin kwa muda wa saa tatu," alisema. "Lakini nisikilize jambo moja, kwa sababu utakuwa mtu mzima na watu watakuuliza mambo makubwa kuliko bei ya shilingi. Kukosa kwenda kwenye ubao siku moja, hilo ni kosa dogo, hata mimi hukosa. Nilipokupigia simu, ungeniambia, 'Leo sikupita, Anti, sijui,' ningeuliza mtu mwingine. Ningemwomba hata dereva wa madamu apitie. Hakuna hasara ambayo ningeipata. Umenielewa? Kutojua kwako hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba ulinijibu kama mtu anayejua, nami nikaacha kutafuta. Mtu akikuuliza na hujui, mwambie hujui. Halafu kama unampenda, nenda ukamtafutie."

Metrine aliitikia. Serah alimpa sahani nyingine, akamwambia aipanguse vizuri na nyuma pia, kisha wakaendelea na kazi.